Tarumbeta za Mkopo: Fanfari ya Shule Iliyozaliwa Kabla ya Digrii



Wale waliokuwa uwanjani Jumamosi ile, mechi ya zoni yetu na zoni ya juu, wanajua hadithi hii inaanzia wapi. Tulikuwa na bidoni 3 za lita 20, filimbi 2, na tarumbeta moja tuliyoazimwa na kwaya. Hiyo tarumbeta ina vile vidude vitatu vya kubonyeza, na cha katikati ukikibonyeza hakirudi juu mpaka ukivute na kucha. Timu yetu ilifungwa 3 kwa 1. Lakini hakuna mtu aliyeondoka. Wamama waliotoka kuchota maji walisimama, wakatua bidoni zao, na mmoja akaja kutuambia tunapiga vibaya, akachukua fimbo na kutuonyesha. Kwa dakika 90 hakuna aliyezungumzia posho iliyopunguzwa wala karatasi zisizokuja.

Kesho yake tukaandika barua ya ukurasa mmoja: tunataka kuanzisha fanfari ya wanafunzi wa sekondari yetu, tunaomba ngoma 2 na tarumbeta 3. Tukaipeleka kwenye ofisi moja. Aliyetupokea alitusikiliza vizuri, hatumlaumu. Akatuuliza, "Sasa hii itasaidia nini?" Halafu akasema mwaka huu muziki haumo katika mahitaji, yaliyomo ni chakula, maji na dawa. Tukatoka. Njiani tukagombana wenyewe kwa wenyewe, wengine wakisema amesema kweli, wengine wakisema hapana. Kama kawaida yetu hapa, ubishi ukishakuwa mkali tunaenda kusoma. Swali letu lilikuwa moja tu: je, kuna wanafunzi wengine ambao hawakuwa na kitu, wakaanzisha bendi hata hivyo?

Kumbe wapo.

Kwanza tueleweshane. Huko Marekani vyuo vingi vina bendi ya wanafunzi ya kuipa timu yao nguvu. Kwenye mpira wao wa miguu, ule wa kushikwa mikononi, bendi inaingia uwanjani wakati wa mapumziko na kupiga gwaride. Kwenye mpira wa kikapu wanapunguza watu, wanakaa katikati ya mashabiki, na mchezo ukisimama tu, hata kwa dakika moja, wanawasha moto. Mchezo ukiendelea, wananyamaza. Sisi tutaiita fanfari ya hamasa, maana sisi watu wa Kongo neno fanfari tumelizoea tangu misheni. Kazi yake si kutumbuiza watu waliokaa wakiangalia. Kazi yake ni kuwafanya wale watu wajione ni kitu kimoja. Si mliona wenyewe Jumamosi.

Sasa twende Louisiana, kusini mwa Marekani, upande wa kaskazini wa jimbo hilo, kwenye mashamba na misitu ya misonobari. Mwishoni mwa karne ya 19 wakulima Weusi wa eneo la Grambling waliunda chama chao kwa sababu watoto wao hawakuwa na shule ya maana. Wakaandika barua. (Ndiyo, na wao walianza na barua.) Walimwandikia Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa na ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa shule ya Tuskegee kule Alabama, wakamwomba msaada. Washington hakuwapelekea pesa. Aliwapelekea mtu: Charles P. Adams. Shule ikafunguliwa Novemba 1901, shule ya kilimo na kazi za mikono.

Hapa mmoja wetu alikatisha usomaji. Akasema, "Lakini wale walikuwa raia, walikuwa kwao. Sisi ni wakimbizi. Msitufananishe." Ni neno la haki, kwa hiyo tulilitafutia jibu. Mwaka 1896 Weusi zaidi ya 130,000 walikuwa wameandikishwa kupiga kura Louisiana. Mwaka 1898 jimbo likaandika katiba mpya, ikaleta masharti ya kusoma, ya mali na ya kodi, na mengine yaliyopangwa ili wazungu maskini wapite na Weusi wabaki nje. Mwaka 1904 Weusi walioandikishwa walikuwa hawafiki hata 1,500. Raia kwa jina. Karatasi wanazo, mlango umefungwa. Hatusemi ni sawa na sisi, maana hakuna aliyewaambia warudi kwao. Lakini mtu aliyekaa kwenye foleni miaka 8 akisubiri jibu ataelewa tunachosema.

Basi mwaka 1926 akafika kwenye shule hiyo mwalimu kijana, ametoka masomoni karibuni tu, jina lake Ralph Waldo Emerson Jones. Wazazi walimpa jina la mwandishi mkubwa wa Marekani, lakini wanafunzi wake baadaye walifupisha mambo wakamwita "Prez", yaani mkuu. Alikuja kufundisha. Akapewa pia timu ya besiboli. Na juu ya hayo, akaambiwa aanzishe bendi.

Na nini? Vyombo havikuwepo. Shule yenyewe ilikuwa inasukumwa na michango. Hapa ndipo tulipopenda hadithi hii. Jones alichukua vyombo kwa mkopo kutoka Sears, Roebuck.

Lazima tueleze Sears ilikuwa nini, maana vijana wa siku hizi wanadhani kununua bila kuingia dukani kulianza na simu. Sears ilikuwa kampuni ya Chicago iliyouza kwa posta. Ilituma kitabu kinene chenye picha na bei hadi vijijini kabisa: jembe, jiko, nguo, cherehani, gitaa, tarumbeta. Unachagua, unaandika, unatuma, treni inaleta. Kwa mkulima Mweusi wa kusini kitabu kile kilikuwa zaidi ya duka. Dukani kwa mzungu wa kijiji ungengoja mpaka wazungu wote wahudumiwe, ungeuziwa kibovu kwa bei ya juu, na mwenye duka ndiye angeamua leo akukopeshe au akunyime, kwa sababu mara nyingi alikuwa anakudai tayari na mavuno yako yote yameshikwa naye. Kitabu cha posta hakikuona rangi ya mkono ulioandika barua. Bei iliyoandikwa ndiyo bei. Wanahistoria wameandika kwamba baadhi ya wenye maduka huko kusini waliichukia biashara hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo tarumbeta za Grambling hazikuwa zawadi. Hakuna picha ya mfadhili akikabidhi chombo huku watoto wakitabasamu. Zilikuwa deni. Na deni maana yake ni kwamba kabla mtoto yeyote hajajua kuweka midomo vizuri kwenye tarumbeta, mwalimu mmoja alishakubali kwamba hawa watoto watapiga, na kwamba itafika siku ya kulipa. Sisi tulibishana sana juu ya hili. Wengine wetu wanaona deni ni mzigo, na wanajua wanachosema. Tuna wenzetu hapa waliokopa kwa riba ya mtaani kuanza biashara ya sabuni, wakaishia kuuza godoro. Hatumwambii mtu akope. Tunasema tu ilivyokuwa.

Halafu angalieni miaka. Mwaka 1926 bendi inaanza. Mwaka 1928 ndipo shule ile inakuwa chuo cha serikali cha miaka miwili. Mwaka 1936 Adams anastaafu, na yule yule mwalimu wa bendi anakuwa mkuu wa chuo. Mwaka 1944 ndipo chuo kinatoa digrii zake za kwanza. Mwaka 1946 kinaitwa Grambling College, na 1974 kinakuwa chuo kikuu. Hesabuni wenyewe. Fanfari ilitangulia digrii kwa miaka 18. Mtu angemuuliza Jones mwaka 1926, "Hii itasaidia nini?", angeweza kuuliza pia kwa nini asinunue kwanza vitabu, au madawati, au mabati. Sisi hatudhani alisahau madawati. Tunadhani alijua jambo ambalo wale wakulima wa 1901 walilijua pia, kwamba shule ya watu waliodharauliwa inahitaji kusikika kabla haijaonekana. Hayo ni maoni yetu, si ya kitabu.

Jones alibaki mkuu hadi 1977. Miaka 41! Na hakuacha besiboli, aliendelea kuwa kocha akiwa mkuu wa chuo. Mwaka 1941 aliajiri kijana mwingine, Eddie Robinson, kuwa kocha wa ule mpira wao wa miguu. Msimu wake wa pili, 1942, Robinson alishinda mechi zote bila timu yake kufungwa hata pointi moja, na alipoacha kazi mwaka 1997 alikuwa ameshinda mechi 408. Bendi na timu zilikua pamoja, moja ikimpigia mwenzake.

Lakini aliyeifanya bendi ile ijulikane na dunia ni mwalimu aliyekuja mwaka 1952, Conrad Hutchinson Jr. Bendi nyingi za vyuo vya wazungu wakati huo zilitembea kijeshi, hatua zilizopimwa, nyimbo za gwaride. Vyuo vya Weusi vikachukua gwaride hilo hilo na kulivunja: magoti yanapanda juu, mwili unacheza, na wanapiga nyimbo ambazo watu walizisikia redioni wiki ile ile. Aliyesifiwa sana kwa mtindo huu ni William P. Foster wa chuo cha Florida A&M, ambaye alianza kuijenga bendi yake mwaka 1946. Foster alisoma Chuo Kikuu cha Kansas, na bendi ya chuo hicho haikupokea Mweusi. Akiwa bado mwanafunzi aliambiwa kwamba kwa mtu wa rangi yake hakuna kazi ya kuongoza bendi. Mwaka 1989, Ufaransa ilipoadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake, bendi iliyoiwakilisha Marekani kwenye gwaride la Paris ilikuwa ya Foster.

Turudi Grambling. Tarehe 15 Januari 1967, Los Angeles, ilichezwa fainali ya kwanza kabisa ya ile wanayoiita Super Bowl. Leo kwenye mapumziko ya fainali hiyo wanaimba mastaa wakubwa wa dunia. Ile ya kwanza walipiga wanafunzi, na kati yao walikuwa wanafunzi wa Grambling. Watoto wa wakulima wa Louisiana, mbele ya televisheni ya nchi nzima, miaka miwili tu baada ya sheria ya 1965 iliyowarudishia Weusi wa kusini haki ya kupiga kura. Yani wazee wao wengi walipiga kura ya kwanza karibu wakati ule ule watoto walipopiga tarumbeta kwenye televisheni.

Na Januari 1972 walivuka bahari. William Tolbert alikuwa anaapishwa kuwa rais wa Liberia, na bendi ya Grambling ikaenda Monrovia kupiga. Hapa tulinyamaza kidogo. Liberia, si mnajua, ilijengwa na Weusi waliotoka Marekani karne ya 19, wakatawala wenyeji waliowakuta. Wajukuu wa watumwa wanarudi Afrika na tarumbeta kumpigia rais ambaye naye mababu zake walitoka huko huko. Halafu Aprili 1980 Tolbert akauawa katika mapinduzi, na kuanzia mwisho wa 1989 vita ikawamwaga Waliberia kwenye kambi za Guinea, Côte d'Ivoire na Ghana. Huenda baadhi ya watoto walioshangilia ile bendi barabarani walikuja kupanga foleni ya mahindi kama sisi. Muziki haukuzuia kitu. Tunasema hivi ili mtu asije akatuambia tunadhani fanfari inaleta amani.

Tuseme na ubaya pia, kwa sababu hatuandiki matangazo. Katika bendi hizi kubwa kuna desturi ya kuwatesa wapya eti ni kuwakaribisha. Waliosoma Kongo wanaijua hii, kule vyuoni wanaita kubatiza. Novemba 2011 mwanafunzi wa bendi ya Florida A&M, mmoja wa viongozi wa gwaride, alifariki baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi la bendi. Bendi hiyo, ile ile iliyokwenda Paris, ilisimamishwa mpaka 2013. Ile hamasa inayowafanya watu wawe kitu kimoja ndiyo ile ile inayoweza kuwafanya wamfunge mtu mdomo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya fanfari yetu tumeshaiandika, na ni fupi: mgeni akija, anapewa chombo na kiti. Basi.

Kuna mwingine aliyetuambia, "Hayo ni mambo ya Wazungu na Wamarekani, sisi tuna ngoma zetu." Huyo tulimjibu kwa furaha. Lugha tunayoandika hapa ina neno beni, na limetokana na bendi. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa waliangalia bendi za kijeshi, wakazichukua, wakaunda vyama vyao vyenye maafisa wao, vyeo vyao na sare zao, wakashindana mtaa na mtaa. Baadaye vyama vya Marini na Arinoti vikaenea Tanganyika nzima, na askari na wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918 wakabeba beni mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu waliotembea kwa miguu, mbali na kwao, wakiwa wamebeba mizigo ya vita isiyo yao. Walibeba na hiyo.

Na Kinshasa, msisahau. Mwaka 1994 Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha okestra ya watu ambao wengi hawakujua kusoma nota. Fidla hazikutosha, wakapokezana kwa zamu, huyu anajifunza kidogo anampa yule. Uzi wa fidla ukikatika, walifunga waya wa breki ya baiskeli. Waya wa breki, ndugu zetu. Tulipofika hapo fundi wetu wa bidoni alisimama akapiga makofi peke yake.

Sasa mtatuuliza tumeamua nini. Hatujarudi ofisini. Tumekubaliana tusirudi na barua mpaka tuwe na kitu cha kusikika, si cha kusomeka. Yule mama aliyetunyang'anya fimbo Jumamosi amekubali kutufundisha midundo ya kwao Fizi, kwa sharti kwamba tusimuite mwalimu. Tuko 11, wasichana 4. Wasichana walisema wazi hawaji kushika filimbi tu na kupamba picha, kwa hiyo ngoma kubwa ni yao. Ngozi ya mbuzi kwa ajili ya hiyo ngoma tumeichukua kwa mwenye bucha karibu na njia panda, na tunamdai shukrani na yeye anatudai shilingi 6,000. Tumelipa 2,500. Deni lililobaki limeandikwa kwenye daftari, jina la kila mmoja na kiasi chake. Ndiyo, tumekopa, baada ya ubishi wote ule. Kura zilikuwa 7 kwa 4.

Mazoezi ni Alhamisi baada ya masomo, nyuma ya kisima kipya, si kile cha zamani, maana pale wazee wanapumzika. Anayetaka kuja aje hata kama hajui kitu. Mwenye bidoni iliyopasuka asiitupe. Na kama kuna mtu wa shirika anayesoma hapa na jioni hana kazi, aje pia, asije na fomu, tunahitaji watu wa kupiga makofi kwenye mpigo wa pili na wa nne, hilo linatushinda.

Tarumbeta lazima irudi kwa kwaya kila Jumapili kabla ya saa 2 asubuhi. Kile kidude cha katikati bado hakirudi juu. Fundi baiskeli wa sokoni amekiangalia, amesema springi ya ndani imechoka, atajaribu ile ya kalamu.